Ushauri wa haraka: muvi ya majambazi ya bajeti ndogo, kati ya hizi tatu ipi nimpe mtafsiri?

Kijana wa Zuzu
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri na naomba uje mapema, maana Alhamisi natakiwa kumpelekea mtafsiri flashi. Jumamosi nina onyesho, na huyu jamaa anataka elfu arobaini kwa muvi moja, nusu mkononi kabla hajaigusa. Mfuko wangu unatosha moja tu.

Safari hii sitaki zile za magari kuruka juu ya maghorofa, kila mtu ameshaziona kwenye simu. Nataka ya uhalifu, iliyotengenezwa na watu wa kuungaunga pesa kama sisi. Nimebaki na tatu:

1. El Mariachi (1992) ya Robert Rodriguez. Mpiga gitaa anaingia mji mmoja wa Meksiko kutafuta kazi. Siku hiyohiyo ameingia jambazi ambaye silaha zake kazificha kwenye kasha la gitaa. Mengine mnajaza wenyewe.

2. Following (1998) ya Christopher Nolan, kabla dunia haijamjua. Kijana asiye na kazi huko London anafuatafuata watu barabarani, mwisho anaangukia mikononi mwa mwizi wa majumbani.

3. Reservoir Dogs (1992) ya Quentin Tarantino. Majambazi wa suti nyeusi wamekwenda kuiba almasi, mambo yameharibika, wanarudi kwenye ghala kutafutana nani amewauza.

Zote nimeziangalia mara mbili. Nimeuliza watu watano, kila mmoja kasema lake. Ipi watu watakaa nayo mpaka mwisho?

Steringi Hafi
El Mariachi. Uzi ufungwe.

Fundi Mwanga
Mkuu umeuliza nusu swali. Onyesho liko wapi? Ndani au nje? Tivii au projekta? Watu wangapi, kiingilio shilingi ngapi? Huwezi kumwagiza mtu kiatu bila kumtajia namba ya mguu.

Dada Ilazo
Na watazamaji ni akina nani? Wanachuo wa UDOM wana uvumilivu wao, bodaboda wa Jamatini wana wao.

Mzee wa Majengo
Vijana, salaam. Mimi nakumbuka enzi za kanda za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi. Mtu alikuwa haulizi muvi gani, anauliza "imetafsiriwa na nani?" Ukisikia ile sauti unalipa. Kwa hiyo kijana, kabla hatujachambua muvi, tuambie huyo mtafsiri wako wa elfu arobaini anajua kazi au anasoma tu maandishi?

Kijana wa Zuzu
Shikamoo mzee. Anajua, amefanya za Kikorea nyingi tu. Ana sauti.

Fundi, samahani, nilisahau. Ni Ng'ong'ona, uani kwa mama mmoja, nje. Projekta nitakodi. Natarajia watu kama sitini, mchanganyiko wa wanachuo na watu wa mtaani. Kiingilio buku.

Fundi Mwanga
Nje, kuanzia saa ngapi?

Kijana wa Zuzu
Saa kumi na mbili jioni.

Fundi Mwanga
Hapo ndipo ningekuuliza maswali mengine matatu, lakini ngoja nianze na hili. Saa kumi na mbili Dodoma mwezi huu bado unaweza kuchambua mchele nje bila taa. Projekta za kukodi hapa mjini nyingi taa zake zimechoka. Hutaona kitu ukutani mpaka saa moja na robo. Na katika hizo tatu, Following ni nyeusi na nyeupe, na sehemu kubwa waliipiga kwa mwanga uliokuwepo, wa dirishani tu, hawakuwa na pesa ya taa. Ukiiweka jioni, watu watalipa buku kutazama kivuli kikizungumza na kivuli.

Steringi Hafi
Ndiyo maana nilisema uzi ufungwe, lakini kwa faida ya wengine naeleza.

El Mariachi ilitengenezwa kwa dola elfu saba hivi. Kwa pesa yetu ni kama milioni kumi na saba, kumi na nane, yaani bei ya IST iliyotumika. Sehemu ya pesa hiyo Rodriguez aliipata kwa kujiuza kituo cha utafiti wa dawa huko Texas, alikubali kulazwa ajaribiwe dawa, wakamlipa. Akaenda mji wa Ciudad Acuña, mpakani, akapiga kwa wiki mbili hivi. Kamera ikitakiwa kutembea, aliyeishika anakalishwa kwenye kiti cha magurudumu cha wagonjwa, anasukumwa. Sauti alirekodi pembeni kwa kinasa sauti cha kanda, akaja kuioanisha baadaye. Alikusudia kuuza soko la video la Kihispania tu, apate mtaji wa nyingine. Kampuni ya filamu ya Columbia ikainunua. Kwenye tamasha la filamu la Sundance, 1993, ikachukua tuzo ya watazamaji. SIKILIZENI: ya watazamaji. Si ya majaji wenye miwani.

Na kikubwa kwa banda: inaanza jela, na dakika chache tu risasi zinalia. Mtu aliyelipa buku anataka kujua haraka nani steringi na nani adui. Pale unajua.

Dada Ilazo
Mtafsiri wako anajua Kihispania?

Kijana wa Zuzu
Anasoma maandishi ya chini ya Kiingereza.

Dada Ilazo
Kwa hiyo unalipa elfu arobaini kwa tafsiri ya tafsiri. Haya.

Baba Neema
Kijana wa Zuzu, ngoja nikueleze yaliyonikuta na hiyo namba mbili, halafu uamue mwenyewe.

Mwaka 2017 nilikuwa na banda Kibaigwa. Anayeijua Kibaigwa anajua msimu wa mahindi ukoje: soko linajaa malori, wapakiaji, madalali, na jioni kila mtu ana hela mfukoni na hana pa kwenda. Nilikuwa na tivii moja, mabenchi kumi na spika iliyokuwa ikikoroma. Kazi yangu ilikuwa mpira na za Kichina. Siku hiyo kijana mmoja wa chuo akaniletea flashi, akaniambia, "Mzee, hii ni ya yule aliyetengeneza Batman." Mimi nikasikia Batman. Sikuiangalia hata dakika moja. Nikachukua mkaa nikaandika kwenye ubao wa mlangoni: LEO LEO, MTU WA BATMAN, UJAMBAZI LONDON.

Banda likajaa mpaka watu wakakalia viroba. Picha likaanza, halina rangi. Mwanzo wakatulia, maana mnajua kwenye muvi mtu akikumbuka zamani rangi hutoka. Dakika ya kumi mmoja akauliza, "Mzee, huyu ataacha kukumbuka saa ngapi?" Wengine wakasema tivii imekufa rangi. Mpakiaji mmoja, jitu la miraba minne, akainuka kimyakimya akaenda nyuma ya tivii. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Bado. Akaipigapiga tivii mgongoni kama anacheulisha mtoto. Bado. Akarudi kukaa akiniangalia mimi, siyo tivii.

Mtafsiri nilikuwa mimi mwenyewe, na Kiingereza changu cha kidato cha nne. Sasa ile muvi haiendi moja kwa moja, inakwenda mbele, inarudi nyuma. Yule kijana mara ana nywele ndefu, mara amenyoa kavaa suti, mara uso umevimba kwa kipigo. Mimi nikawaambia watu huyo mwenye suti ni pacha wake. Ikanoga! Watu wakaamka. Nikaendelea na pacha wangu, nikamtungia na jina, Masumbuko. Kumbe ni mtu yuleyule, siku tofauti. Nilipokuja kugundua nilikuwa nimeshawatangazia kwamba Masumbuko ameuawa. Halafu suti ikatokea tena mlangoni.

Basi zogo. Katikati ya zogo muvi ikaisha, maana nzima ni dakika sabini. "Umekata!" "Umetuibia nusu!" Nikawaambia haki ya Mungu ndivyo ilivyo. Nani anasikia? Nilichukua kopo la Blue Band nililokuwa nawekea kiingilio, nikasimama mlangoni narudisha buku, buku, buku. Niliporudi nyumbani nikahesabu: walioingia walikuwa thelathini na wanne, niliorudishia walikuwa thelathini na wanane.

Sina ugomvi na Nolan. Lakini kwangu hiyo muvi iliniuma.

Steringi Hafi
Masumbuko 😂😂😂 apumzike kwa amani

Mtani wa Singida
Mzee ulikuwa na kipaji, ungebaki na pacha mpaka mwisho. Wangekushukuru.

Dada Ilazo
Baba Neema pole sana, ila kosa lilikuwa la ubao wako. Umeandika Batman, umewapa mtu anayefuata watu barabarani. Ukimwambia mgeni kuna pilau ukamletea ugali, hata ugali uwe mzuri vipi atanuna.

Mimi Following ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sababu yangu si ya shule. Miaka miwili nyuma niliibiwa chumba Kisasa. Walichukua mtungi wa gesi, pasi na viatu vya kazini. Tivii waliiacha. Lakini albamu yangu ya picha waliitoa kabatini, wakaikuta ina picha za msiba wa baba, wakaiacha imefunguliwa kitandani. Mtungi nilinunua mwingine mwisho wa mwezi. Ile albamu mpaka leo sijaweza kuirudisha pale ilipokuwa.

Sasa kwenye Following, yule mwizi Cobb hana haja sana na mali. Anatafuta kisanduku, anasema kila mtu anacho, cha picha na barua na vikorokoro visivyo na bei, anavimwaga chini ili mwenyewe ajue kuna mtu aliviona. Nilipofika hapo nilisimamisha, nikaenda kuangalia kitasa. Hakuna damu, hakuna bunduki, na niliogopa kuliko zote. Halafu mtu ananiambia haina rangi!

Ilipigwa Jumamosi kwa Jumamosi karibu mwaka mzima, kwa sababu wahusika walikuwa na kazi zao katikati ya wiki. Walifanya mazoezi kama tamthilia ili kila tukio likamilike kwa mara moja au mbili, mkanda wa filamu usiliwe bure. Kama dola elfu sita tu. Hao ndio wa kuungaunga unaowataka, Kijana wa Zuzu.

Baba Neema
Pole dada yangu. Hiyo ya albamu imenigusa. Lakini Kibaigwa usiipeleke.

Kalamu Nyekundu
Naomba kusahihisha kitu. Mleta mada ameandika "bajeti ndogo" halafu kaweka Reservoir Dogs. Ile ni dola milioni moja na laki mbili. Ni bilioni tatu hivi za kwetu. Tangu lini bilioni tatu ikawa ya kuungaunga? Toa hiyo kwenye orodha, utabaki na mbili, kazi imekuwa rahisi.

Mzee wa Majengo
Kwa Hollywood hiyo ni pesa ya chai, mwanangu. Na mpango wake wa mwanzo ulikuwa kuipiga na marafiki zake kwa dola kama elfu thelathini. Bahati yake maandishi yakamfikia mwigizaji Harvey Keitel, ndiye aliyemsaidia pesa zikaongezeka.

Kalamu Nyekundu
Shikamoo mzee, kwa heshima zote, pesa ya chai ni pesa ya chai na bilioni tatu ni bilioni tatu. Kwa bilioni tatu Bongo Movie wangetoa muvi ngapi?

Mtani wa Singida
Mia moja, na zote zingekuwa na mama mkwe, jumba lilelile la kukodi, na simu inayopokelewa kabla haijaita.

Kalamu Nyekundu
Huo ni utani wa kizembe. Wakati wa Kanumba watu walikuwa wanapiga foleni. Kanumba alifariki Aprili 2012, mpaka leo hakuna aliyevaa kiatu chake. Tatizo si pesa, tatizo ni soko liliuawa. Kanda inatoka asubuhi, jioni iko kwenye kila kompyuta mtaani. TRA walileta stempu kwenye kanda na sidii mwaka 2013, je, ilisaidia?

Steringi Hafi
Tatizo ni sauti. Bongo Movie ukiangalia unasikia jenereta la jirani kuliko mhusika. Rodriguez hakuwa na sauti ya kwenye kamera kabisa, akakaa chini baada ya kila tukio akarekodi maneno upya. Sisi tunaona uvivu.

Kalamu Nyekundu
Wewe umewahi kushika kamera?

Steringi Hafi
Nimeshika buku la kiingilio, linatosha.

Kijana wa Zuzu
Wakuu, Jumamosi…

Mtani wa Singida
Mimi nakushangaa Kijana wa Zuzu. Unatafuta elfu arobaini ya kumlipa mtu atafsiri, wakati kuna Nairobi Half Life, ya 2012, ya David Gitonga. Kijana wa kijijini anauza kanda, anataka kuwa mwigizaji, anaingia Nairobi, siku ya kwanza wanamkwapua kila kitu, mwisho anajikuta ndani ya genge. Ujambazi upo, machozi yapo, na wanaongea Kiswahili! Elfu arobaini inabaki mfukoni unanunua mishikaki.

Dada Ilazo
Kiswahili? Ile ni Sheng, kaka, na Kikuyu katikati. Mimi niliyesoma Arusha nilitoka jasho. Mama wa Ng'ong'ona atakaa anauliza "kasema nini?" kila dakika, bora hata Kihispania chenye mtafsiri.

Mtani wa Singida
Joseph Wairimu anaigiza kwa uso, hata ukiondoa sauti unaelewa. Alichukua tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban kwa hiyo kazi. Na Kenya ilipopeleka muvi Oscar kwa mara ya kwanza ilipeleka hiyo.

Kalamu Nyekundu
Ile si ya kuungaunga, ilikuwa na Wajerumani nyuma, akina Tom Tykwer.

Mtani wa Singida
Kwa hiyo Mjerumani akisaidia si halali, Keitel akisaidia ni chai?

Mzee wa Majengo
Hapo amekukamata, Kalamu.

Kijana wa Zuzu
Nairobi Half Life ninayo, lakini kuna sehemu ya mahabusu, ile ya choo, nilishindwa kula. Pale uani watakuwa wanauza chipsi.

Halafu kuna kitu sijakisema. Mama mwenye uwanja ameniruhusu bure kwa sharti moja: watoto wake na wa majirani wakae mbele kwenye mkeka, bila kiingilio.

Fundi Mwanga
SASA ndiyo unasema?

Dada Ilazo
Watoto wa umri gani?

Kijana wa Zuzu
Wa shule ya msingi. Kama kumi na tano.

Baba Neema
Reservoir Dogs imejiondoa yenyewe. Ile ya sikio utamweleza nini mama wa watu?

Steringi Hafi
Siyo sikio tu. Yale matusi! Mtafsiri akiyatafsiri sawasawa mama anazima umeme na anakupigia mwenyekiti wa mtaa.

Mzee wa Majengo
Naomba niseme neno kuhusu hilo sikio, maana kila mtu anaapa ameliona likikatwa. Rudini mkaangalie. Jamaa ana wembe, anacheza muziki wa redio, polisi amefungwa kitini. Wakati wenyewe ukifika, kamera inageuka kuangalia ukuta. Hukuona kitu. Ulisikia tu. Unaapa umeona kwa sababu kichwa chako ndicho kilichokata.

Na ule wizi wa almasi je? Muvi nzima ni ya wizi, na wizi wenyewe haupo. Unaona wanakula kabla, unaona damu baada. Wengi huona ndiyo udhaifu, nimesikia vijana wakilalamika "mbona hawakuonyesha dukani?" Duka la kuvunja ni pesa, magari ya polisi ni pesa. Yeye akachukua ghala moja tupu na watu wanaojua kuzungumza. Bibi yangu kule Mvumi alikuwa anatuambia hadithi ya fisi aliyeingia zizini, na hakuwahi kutuambia fisi alifanya nini mle ndani. Alikuwa anatuambia ng'ombe walivyokuwa asubuhi. Tulikuwa hatutoki kukojoa usiku.

Kwa watoto haifai, hilo sibishi. Lakini kwa watu wazima, ndani, wakiwa wametulia, ningeiweka ya kwanza.

Steringi Hafi
Mzee umeongea. Ila pale mwanzo, wanaume wanane mezani wanabishana bakshishi ya mhudumu na wimbo wa Madonna, banda la Ng'ong'ona litauliza picha linaanza lini.

Kalamu Nyekundu
Na mtafsiri atawaitaje? Bwana Pinki, Bwana Chungwa, Bwana Kahawia? Watadhani ni tangazo la rangi za nyumba.

Dada Ilazo
Hahaha, Bwana Pinki mwenyewe kwenye muvi analalamikia hilo jina.

Kijana wa Zuzu
Kwa hiyo ni El Mariachi? Watoto watavumilia? Kuna risasi.

Steringi Hafi
Kuna risasi lakini ni za kuchekesha nusu. Kuna hata kobe anakatiza barabara, watoto watampenda. Na steringi si mtu wa vita, anataka kupiga gitaa tu wamwache. Ndiyo maana mwisho unauma, yule dada Domino anapigwa risasi, na mkono wake wa gitaa

Mtani wa Singida
WEWE! Mimi sijaiangalia!

Steringi Hafi
Ina zaidi ya miaka thelathini, mkuu.

Mtani wa Singida
Na Biblia ina maelfu, lakini mchungaji hakuambii mwisho kabla ya sadaka. Nilikuwa na mpango wa kuja Jumamosi kutoka Ihumwa. Sasa nije kufanya nini, kumhurumia mtu ambaye nishaambiwa anakufa?

Steringi Hafi
Nisamehe. Lakini kuna mbwa na pikipiki, hao hawafi.

Mtani wa Singida
Bado unaendelea!!

Kalamu Nyekundu
Kijana wa Zuzu, hujajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kibali unacho? Unatoza kiingilio. Kuna Bodi ya Filamu, sheria yake ipo tangu 1976, na muvi inatakiwa iwe na daraja la umri. Kuna na haki za wenye kazi. Watu wengi mnadhani hiyo ni ya majumba makubwa ya Dar tu.

Kijana wa Zuzu
Nitaulizia.

Kalamu Nyekundu
"Nitaulizia" siyo kibali. Na wewe umeanza uzi kwa kuwahurumia watu wa kuungaunga pesa.

Baba Neema
Kalamu ana ukali lakini hajakosea. Mimi Kibaigwa walikuja mara mbili. Mara ya pili sikuwa nimejiandaa.

Kijana wa Zuzu
Basi nikifuta kiingilio nikabaki na chipsi?

Kalamu Nyekundu
Kiingilio ni kimoja tu katika niliyoyasema. Nenda ofisi ya utamaduni ya jiji uulize, si hapa.

Fundi Mwanga
Nirudi kwenye skrini, maana hakuna anayeijali. Utatumia nini, ukuta au shuka?

Kijana wa Zuzu
Shuka. Jeupe, la sita kwa sita. Ukuta wa mama ni tofali za kuchoma.

Fundi Mwanga
Mwezi wa saba! Dodoma! Shuka! Kaka, upepo wa hapa unajua mwenyewe, unabeba mabati. Lile shuka litavimba kama tanga la jahazi, steringi atakuwa mjamzito muvi nzima. Kama huna namna: pindo la chini lishone mfuko, ingiza bomba la chuma au nondo, na pembeni funga kamba kila urefu wa mkono mmoja. Toboa matundu madogo machache upepo upite, hayaonekani kwa mbali. Au bora upake chokaa ukuta, mifuko miwili inatosha, na mama atakushukuru.

Baba Neema
Matundu si yatapitisha mwanga?

Fundi Mwanga
Madogo. Ya msumari. Nimefanya Mpwapwa kwenye mahafali, hakuna aliyeona.

Kijana wa Zuzu
Chokaa inaweza kuwa nzuri. Ila ule ukuta kwa upande wa pili ni kanisa. Jumamosi wanakuwa na mazoezi ya kwaya mpaka saa mbili usiku.

Dada Ilazo
Kijana wa Zuzu, nakuomba, kama kuna kitu kingine hujasema kiseme sasa hivi. Kuna kisima katikati ya uwanja? Kuna nyati?

Steringi Hafi
Kwaya + majambazi. Hiyo ni muvi yenyewe.

Mzee wa Majengo
Kwaya inaondoa Reservoir Dogs na Following zote mbili, maana ni za maneno. Mtafsiri ataimba na sopranos.

Kijana wa Zuzu
Mtafsiri anarekodi kabla, mzee. Haji uwanjani.

Mzee wa Majengo
Basi haifai hata kidogo. Mtafsiri wa kweli anasimama pale na kipaza, kwaya ikipanda naye anapanda. Elfu arobaini kwa sauti ya kwenye flashi? Sisi tulikuwa tunalipa mtu anayetuona.

Kijana wa Zuzu
Nimempigia sasa hivi. Anasema akija uwanjani ni elfu sitini na nauli ya bodaboda kutoka Nkuhungu, na El Mariachi hataki, anasema maandishi ya chini yanapita haraka. Yeye anataka afanye ya Kikorea aliyoizoea.

Mtani wa Singida
😂😂😂

Baba Neema
Mimi Jumamosi ningekuja, lakini si kuna mechi? Umeangalia ratiba?

Kijana wa Zuzu
Mechi gani?

Mtani wa Singida
Huyu ndugu bwana.

Kalamu Nyekundu
Fundi, hiyo projekta unayokodisha taa yake ina nguvu gani? Nina kipaimara cha mtoto mwezi ujao, nataka kuonyesha picha zake za utotoni.

Fundi Mwanga
Zipo mbili. Moja taa imepungua, ya ndani tu, elfu ishirini na tano kwa usiku. Nyingine mpya kidogo, elfu arobaini, waya wa mita kumi bure. Ile iliyochoka naiuza pia kama kuna mtu anataka.

Dada Ilazo
Hiyo iliyochoka shilingi ngapi? Ya chumbani kwangu, nina ukuta mweupe na sina upepo.

Fundi Mwanga
Laki mbili na nusu, tunaongea. Nipo Jamatini kila siku kuanzia saa nne. Njoo na flashi yako tuipime, lakini usije na Following, tutashindwa kujua kama rangi inafanya kazi.